Kulima kati ya miche ya msitu wa kijiji: huduma hii inamfaa mkulima asiye na shamba?

Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Magu mpaka Buchosa na visiwani Ukerewe, mtu asiye na shamba ana njia tatu za kupata riziki: kukodi kwa msimu, kulima nusu kwa nusu na mwenye ardhi, au kuwa kibarua mwaloni, samaki wanakoshushwa na kuuzwa. Ipo na ya nne. Kijiji kinatoa eneo lililokatwa miti, mradi unaleta miche na mafunzo, mkulima anapewa nusu ekari au ekari moja alime chakula bila kulipa kodi, na malipo yake ni kuitunza miche iliyomo kati ya mazao. Miaka miwili au mitatu ikipita, matawi yanagusana, jua halifiki chini tena, mkulima anatoka na msitu unabaki.

Wataalamu wanauita mfumo huu taungya, neno la Burma linalomaanisha shamba la mlimani, na umetumika huko tangu karne ya 19. Kenya waliuita mfumo wa shamba, wakausimamisha zaidi ya mara moja kabla ya kuurudisha kwa kanuni mpya. Kwa hiyo si jambo geni, na makosa yake yanajulikana. Tunachopima hapa ni toleo lake la vijijini, lile linalofikishwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji likiwa kifurushi kimoja: miche, mafunzo, kipande cha kulima, na mara nyingine mizinga ya nyuki.

Hukumu tunaitoa mapema. Mwaka wa kwanza na wa pili huduma hii inamfaa sana asiye na shamba. Mwaka wa tatu inamgeuka, na kosa haliko kwenye miche wala kwenye mvua. Liko kwenye mkataba.

Mkulima anayejua kwamba kivuli cha mti ndicho kitakachomtoa shambani hana sababu ya kukitamani kivuli hicho. Ndiyo maana katika mifumo ya namna hii miche hufa hata baada ya kuvuka kiangazi cha kwanza, wakati ilipaswa kuwa imeshakita mizizi. Dalili zinasomeka ardhini. Mche uliouawa na ukame huanza kukauka nchani, na wenzake wa mstari ule ule huwa na hali hiyo hiyo. Uliouawa na mchwa huchomoka kwa urahisi ukiuvuta, na gome la chini lina udongo walioujengea. Uliokatwa mzizi kwa jembe hunyauka ghafla, peke yake, mvua ikiwa inaendelea. Ukifukua sentimita chache utaliona jeraha. Kamati inayokuta vifo vya aina hii ya tatu isianze kutoza faini. Ianze kuusoma upya mkataba wake.

Kinachotakiwa kuwamo humo si kingi, ila kila neno lina uzito. Kwanza, msitu ni wa nani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na kijiji chenyewe, na inakiruhusu kikundi cha wakazi kuomba kwa Halmashauri ya Kijiji eneo la msitu wa jamii. Njia hii ya pili haitajwi sana mikutanoni, nayo ndiyo inayowafaa zaidi wasio na ardhi, kwa sababu haki inashikwa na kikundi chao wenyewe badala ya kuwa fadhila ya kamati. Msitu ukiwa wa serikali kuu au wa halmashauri ya wilaya, kijiji hakiwezi kumgawia mtu mti hata mmoja pasipo makubaliano na mwenye msitu, na ahadi yoyote ya mdomo kuhusu nguzo au kuni haina miguu ya kusimamia.

Pili, mgawo wa miti uandikwe kwa idadi na kwa mwaka. Tunavyoona sisi, miti yote inayotolewa kwenye upunguzaji wa kwanza (kukata baadhi ili iliyobaki ipate nafasi), mwaka wa nne au wa tano, iwe ya mkulima aliyeitunza, hata kama ameshaacha kulima kipande hicho. Katika ekari yenye miti 400, ukiondoa nusu unapata miti 200 ya fito na nguzo nyembamba. Soko lipo karibu: chanja za kuanikia dagaa, vibanda vya mialoni, uzio, kuni za kubanikia samaki. Mkulima akijua kwamba miti 200 iliyosimama pale ni yake, jembe lake litaupisha mche.

Tatu, mkataba useme kitakachotokea mkulima akifa, akihama au wanandoa wakiachana. Jina la mke liandikwe sambamba na la mume. Wasio na ardhi wengi ni wanawake waliotoka kwenye ndoa na vijana ambao baba zao hawana cha kugawa, na hao ndio wanaopoteza kwanza karatasi inapokaa kimya. Nne, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mpango uambatanishwe, na nakala moja ibaki kwa mkulima. Nakala iliyoko kwa mtendaji wa kijiji peke yake si nakala ya mkulima.

Lipo na jambo la pwani ya Ziwa ambalo vipande vingi hujikwaa nalo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kipande kilichopimwa mpaka majini ni kipande ambacho mkulima anaweza kuondolewa mahindi yakiwa yanabeba. Pimeni mita 60 kwa kamba kabla ya kugawa, wekeni alama za mawe, na ukanda ule uachwe uote wenyewe.

Miche yenyewe

Sehemu hii ya kifurushi ndiyo inayopigiwa picha, na ndiyo rahisi kuliko zote kuikagua. Mche mzuri wa kupeleka porini una urefu wa sentimita 25 hadi 40, shina lake linakaribia unene wa penseli, na majani yake yamezoea jua kali. Mche wa sentimita 80 ndani ya kiriba (kimfuko cha kuoteshea) cha inchi 4 kwa 6 usiwadanganye kwa urefu wake: umekaa mno kitaluni, na mizizi yake imejizungusha chini kama kamba iliyokunjwa. Ukiupanda hivyo utaishi mwaka mmoja au miwili, kisha upepo utaulaza. Mzigo ukifika, chaneni kiriba kimoja katika kila mia mbele ya aliyeuleta. Mzizi mkuu uliopinda kama ndoano ni alama ya mche uliohamishwa vibaya kutoka kwenye tuta la mbegu, wala hakuna dawa yake. Mizizi iliyojizungusha kidogo tu inasaidika: wakati wa kupanda, kata sentimita 1 au 2 za kitako cha kiriba kwa kisu kikali.

Miche inayoletwa kwa lori kutoka mbali hatuipendekezi pale ambapo kikundi cha kijiji kinaweza kuotesha. Kitalu ni kazi isiyodai shamba, na tuta la mita 1 kwa mita 10 linabeba viriba zaidi ya 2,000. Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Kwenye udongo wa luseni, ambao una mchanga tayari, mchanga wa kuongeza upunguzwe au uachwe kabisa. La sivyo udongo utamwagika siku ya kupanda na mche utabaki na mizizi mitupu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga mchanga uongezwe, maana pasipo huo maji hayapenyi. Kila mzizi unapotokeza chini ya kiriba, inua mche na uukate. Kwa kawaida ni kila wiki 3 au 4. Mwezi wa mwisho ondoeni kivuli hatua kwa hatua na punguzeni maji, mche ukae ukijua shida.

Mbegu za mlusina na mjohoro zina ganda gumu: chemsha maji, yaepue, zitumbukize, ziache humo usiku kucha maji yakipoa. Ukizichemsha moja kwa moja jikoni umeziua. Mwarobaini ni kinyume, mbegu yake haitaki kukaa ghalani. Ioteshwe ndani ya wiki chache tangu kuokotwa. Mgrivelia unahitaji miezi 5 au 6 kitaluni, mjohoro 3 au 4. Kwa upandaji wa Novemba hesabu inarudi nyuma hivi: mgrivelia uwe umesiwa kufikia Juni, mjohoro kufikia Julai au mwanzoni mwa Agosti. Mninga unaombwa na kila kijiji kwa sababu ya mbao zake, lakini kwa mpango wa kulima kati ya miche haufai. Mche wake hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini kwa miaka kadhaa kabla haujasimama, na wakati huo wote hautofautiani na gugu machoni mwa anayepalilia.

Aina ya mti ifuate udongo. Kwenye luseni na vilima vya mawe mjohoro unafanya vizuri, hutoa kuni nzuri na huchipua upya ukikatwa. Mgrivelia unataka udongo wenye kina usiotuamisha maji. Kwenye itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini, na mbuga utadumaa. Mbugani ni heri migunga ya kienyeji, kama ile Wasukuma wanayoiita midubilo, iliyozoea udongo unaopasuka. Mkaratusi usipandwe karibu na chemchemi wala kisima. Mlusina una faida ya majani ya mifugo, lakini huzaa mbegu nyingi mno na kusambaa. Palipo na nia ya kurudisha miti ya asili usipewe nafasi.

Nafasi kati ya mistari

Hapa vifurushi vingi vinakosea kwa kunakili vipimo vya mashamba ya miti ya mbao. Vipimo vya mita 3 kwa 3 vinaingiza miche 450 kwa ekari. Ukimwachia kila mstari ukanda wa mita 1 usiolimwa, theluthi ya ardhi imeondoka siku ya kwanza, na mkulima amebaki na vichochoro vya mita 2. Weka mita 5 kati ya mistari na mita 2 kati ya mche na mche: miche inakuwa 405 kwa ekari, pungufu ya 45 tu, lakini kichochoro cha kulima ni mita 4 na ardhi ya chakula inafika asilimia 80. Kuna faida nyingine ambayo Usukumani haihitaji maelezo marefu: kwenye mita 4 plau na maksai wanapita. Wafungwe vinywa tu, kwa sababu ng'ombe huutafuna mche mchanga kama anavyotafuna jani la mhindi. Kivuli nacho kinachelewa kufunga, kwa hiyo msimu mmoja zaidi wa chakula unapatikana.

Mashimo yachimbwe ya sentimita 45 kila upande, wiki 2 au zaidi kabla ya mvua, udongo wa juu ukiwekwa upande wake na wa chini upande wake. Wakati wa kufukia, ule wa juu ndio unaoingia kwanza, kwenye mizizi. Msipande kwa mvua ya kwanza ya Oktoba. Chimba kwa jembe. Unyevu ukifika sentimita 30, panda. Upandaji ukamilike kabla ya katikati ya Desemba ili mche uwe na mizizi ya kuvumilia kipindi kikavu cha Januari na Februari. Na mche ubebwe kwa kiriba, kamwe usishikwe shingo. Kiriba kimoja chenye unyevu kina zaidi ya nusu kilo, hivyo miche ya ekari moja inapita kilo 200: pangeni mkokoteni mapema, kwa sababu miche inayolundikwa juu ya pikipiki hufika udongo umeshatengana na mizizi.

Mazao gani? Maharage, karanga na choroko ni marafiki wa mche tangu mwanzo. Mahindi yanafaa, mradi yakae nusu mita kutoka kwenye mche, na zaidi kwa mbegu ndefu. Kunde zitambaazo huukumbatia mche na kuupindisha. Pandeni aina zinazosimama. Viazi vitamu ndivyo vyenye mjadala, kwa sababu bila viazi hakuna michembe (viazi vilivyokatwa na kukaushwa) ya kiangazi, na kukikataza kabisa chakula hicho ni kumfukuza mkulima kwa mlango wa nyuma. Tatizo ni matuta: udongo unapokwanguliwa kujaza tuta, mizizi ya mche inabaki uchi. Ruhusuni viazi katikati ya kichochoro, mita 1 kutoka mstari wa miche kila upande. Mihogo tunaikataa. Inakaa mwaka na zaidi, inaufunika mche, na kuing'oa kunapasua udongo wote wa jirani.

Kabla ya plau, hesabuni visiki

Kosa kubwa kuliko yote katika huduma hii ni kuipeleka mahali isipohitajika. Eneo linaloonekana tupu mwezi wa Septemba mara nyingi halijafa. Chini yake kuna visiki vilivyo hai vinavyochipua kila mwaka na kuliwa na mbuzi. Plau ikipita mara mbili, imevimaliza. Tembeeni eneo lote na kamba, pimeni viwanja vya mita 10 kwa 10 sehemu kumi tofauti, mhesabu visiki vyenye machipukizi. Wastani wa visiki 4 kwa kiwanja ni kama 160 kwa ekari, sawa na kimoja kila mita 5 kwa 5. Hapo hamhitaji miche. Mnahitaji kisiki hai, njia iliyoenea Dodoma, na ambayo huko Niger imerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta kuanzia miaka ya 1980.

Kazi yenyewe: chagua kisiki, bakiza machipukizi 3 hadi 5 yaliyo manene na yaliyonyooka, ondoa mengine. Pogoa matawi ya chini ya yale yaliyobaki, ukikata kutoka chini kwenda juu kwa kisu kikali ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi ili mchunga na mkata kuni wajue kisiki kina mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya, na mwaka unaofuata punguza yabaki 1 au 2. Hakuna kumwagilia wala kiriba, na mzizi uliopo ni wa miaka mingi, kwa hiyo chipukizi linaupita mche wa kitaluni kwa mbali.

Lakini kisiki hai hakimpi asiye na shamba mahindi, na hili lisemwe wazi. Kinampa kuni za kupogoa, nyasi za kuezekea, uyoga, na mahali pa kutundika mizinga. Mzinga ni mali inayomfaa sana mtu asiye na ardhi, kwa sababu anahitaji ruhusa ya kutundika tu. Mkipewa mizinga ya vijiti vya juu, pimeni upana wa kijiti: kwa nyuki wetu ni milimita 32. Kikizidi, nyuki wanajenga masega yakipita kijiti kimoja kwenda kingine, na siku ya kurina kila kitu kinavunjika pamoja. Mizinga itundikwe kwa waya uliopakwa grisi dhidi ya siafu na sisimizi, mbali na nyumba na njia ya mifugo. Mkataba useme nani mwenye asali.

Mtu wa kanda hii atauliza kuhusu ngitili, eneo la malisho na miti linalofungwa ili uoto urudi, na ni haki yake. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulirudisha ngitili kwenye zaidi ya hekta 300,000 kwa kutegemea desturi za wenyeji, dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) na sungusungu (ulinzi wa jadi) wakisimamia, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta. Kwa kurudisha uoto hatujaona kinachoushinda Usukumani. Kwa asiye na ardhi alama zake zinashuka, kwa sababu ngitili ya mtu binafsi humfaidisha mwenye eneo na mwenye ng'ombe. Ile ya kijiji inaweza kumfaa, ikiwa kuni na nyasi zimegawiwa kwa majina.

Kinachoiponya huduma ya kulima kati ya miche ni mzunguko. Msimpe mkulima kipande kimoja kisha mkamtoa. Chukueni mfano wa kaya 30, kila moja nusu ekari kwa mwaka: ni ekari 15 za kufungua kila vuli. Kwa miaka 6 ni ekari 90, na mwaka wa 7 kipande cha kwanza cha mijohoro kinavunwa kuni, visiki vinachipua, na kati yake panalimwa tena. Mkulima haondoki, anahama kichochoro. Mashamba ya kuni ya mzunguko wa namna hii yamefanyiwa utafiti Tabora na Shinyanga, kwa hiyo afisa misitu wa wilaya hatakuwa anasikia habari mpya. Kijiji kisicho na ekari 90 kipunguze kaya au ukubwa wa vipande, kisipunguze miaka.

Moto ndio unaobaki. Kuanzia Juni kinga moto ya mita 10 iwe imelimwa kuzunguka eneo lote, na zamu ya kuisafisha igawiwe kwa kaya zote za kitongoji, si kwa wakulima wa vipande peke yao. Wafaidika wa maji na nyasi ni wengi kuliko hao 30. Malipo ya mradi kwa kikundi yahesabiwe kwa miche iliyo hai mwezi wa Oktoba, baada ya kiangazi cha kwanza, kwa kuhesabu mistari iliyochaguliwa kwa kura. Ikipungua chini ya 70 kwa kila 100, mapengo yajazwe vuli hiyo hiyo. Mche unaojaziwa mwaka wa tatu utakua kivulini na hautawafikia wenzake.

Na kama Agosti inaisha na kitaluni hakuna kitu zaidi ya viriba vitupu, msisaini kwa ajili ya vuli hiyo. Tumieni Septemba kuhesabu visiki.